Aliyeniitikia

Siku ya tatu, mvua haijapumua.
Mbwa niliwaacha bandani;
mbwa na pua yake, njia ikishafutwa na maji,
ni mdomo tu wa kulishwa.
Nikatoka peke yangu, Mtende nyuma yangu,
wavu begani mzito kama mtoto aliyelala.

Jani halifai masika, nakwambia mapema.
Jani la mkaati ukilipuliza wakati wa kiangazi
hulia kama mtoto wa paa aliyebanwa mguu.
Likirowa huhema tu,
kama mtu mnene anayepanda ngazi.
Kwa hiyo natumia utepe wa kaseti,
kipande cha urefu wa kidole, kimekazwa
baina ya vijiti viwili vya mwanzi.
Kaseti ilikuwa ya mama. Sauti ya nani ilikuwamo
mie sikumbuki. Yeye anakumbuka,
na hajanisamehe.

Na kuita mvuani kuna adabu yake:
usishindane na mvua.
Ngoja ipungue, isalie ile ya majani,
miti inajikung'uta tone kwa tone,
hapo puliza, fupi, mara mbili,
kisha nyamaza mpaka uone haya.
Aitaye bila kupumzika huitikiwa na mbu.

Nikajibanza kwenye ufa wa jiwe, kule maweni.
Nikapuliza. Nyeee. Nyeee.
Nikanyamaza.
Na ng'ambo ya vichaka vya mlapaa
kitu kikajibu:
nyeee.

Moyo ukanipanda kooni.
Nikaita. Kikajibu.
Nikasogea kwa magoti, mawe yakinichana suruali;
nacho kikasogea, nasikia, sauti imenenepa.
Paa gani huyu, nikajiuliza,
ajuaye kungoja mvua ipungue?

Saa nzima. Wallahi, saa nzima
tukaitana, mie na mnyama wangu.
Nilikwisha kumchuna kichwani, nikagawa na nyama:
paja la mama, labda atalegea kuhusu kaseti,
mbavu za Bi Mwaka anayenidai mchele,
maini yangu, na kitunguu, na pilipili mbichi.

Kichaka kikafunguka.
Kikatangulia kutoka mfuko wa mbolea
uliotobolewa shingo na mikono,
na ndani ya mfuko, Silima wa Mcha.

Silima, ambaye tangu mwaka juzi
tukikutana msikitini kila mtu hutazama viatu vyake,
kwa sababu ya mpaka wa konde la mihogo,
na neno alilosema, na neno nililosema.
Vidole viwili kaviziba puani.
Hana jani, hana utepe; anaita kwa pua yake.

"Ni weye?"
"Ni mie."
Maji yakimtiririka ndevuni.
"Unaita vizuri," akasema, kwa uchungu,
kama mtu anayelipa deni asilokubali.

Hapo ndipo alipopita.
Baina yetu, si mbali kuliko urefu wa kitanda,
paa nunga, mwekundu, mkanda mweupe nyuma ya mapaja,
manyoya yamemgandama kwa maji.
Hakulia. Hakukimbia.
Alimtazama huyu, akamtazama huyu,
kama mwenye nyumba aliyekuta wageni wamekosea mlango,
akaingia zake mlapaani.

Wavu ulikuwa begani kwangu.
Vidole vya Silima vilikuwa bado puani.

Ningependa kusema tulicheka. Hatukucheka.
Mvua kubwa ikarudi,
Silima akainua ubavu mmoja wa mfuko wake,
kiasi cha bega moja kuingia,
nami nikaingiza bega.
Konde hakuna aliyelitaja.
Akauomba utepe, akauzungusha, akauchunguza,
akaupuliza kwa nguvu zake zote.
Ukakatika.

"Ulikuwa wa mama," nikasema.
Akatazama viatu vyake.
"Basi usimwambie ni mie."